Joho la Manyoya Alilopelekewa Mfalme George

Mwaka 1810, Kamehameha wa Hawaii alimpelekea Mfalme George wa Tatu wa Uingereza barua na joho. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, kwa msaada wa wageni waliokuwa wakiishi naye, kwa sababu Kihawaii kilikuwa bado hakijaanza kuandikwa. Joho, lililotengenezwa kwa manyoya ya ndege, ndilo lililosema kwa lugha ya mwenyewe. Wafalme hao wawili hawakuwa wameonana wala hawakuja kuonana. Mmoja alitawala visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, safari ya miezi mingi kwa merikebu ya matanga kutoka London, na mwingine alikuwa mzee mgonjwa aliyekaribia kumwachia mwanawe shughuli za utawala.

Joho hilo, ambalo hadi leo ni mali ya ufalme wa Uingereza, liliazimwa kwa ajili ya maonyesho ambayo British Museum ya London iliyapangia muda wa kuanzia tarehe 15 Januari hadi 25 Mei 2026, chini ya jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Hawaii: ufalme unaovuka bahari". Mtazamaji anayesimama mbele ya kabati la kioo anaweza kuridhika na rangi zake, akasoma maelezo mafupi yaliyobandikwa pembeni, kisha akapita. Hatakuwa amekosea kulisifu, maana ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Ila atakuwa amekiona kitu bila kukisoma. Vitu vingi vya aina hii vilitengenezwa, au vilitolewa, ili vifanye kazi ambayo sisi leo tungemwachia balozi, mkataba na muhuri. Historia ya Hawaii na Uingereza ina mafundo mengi, na mafundo hayo huanza kulegea pale mtu anapojua kila kitu kilitolewa na nani, kilipewa nani, na mtoaji alitarajia nini.

Ulimbo na nyuzi

Kwa Kihawaii joho la namna hii huitwa ʻahu ʻula, na chapeo inayoandamana nalo, yenye ukingo uliosimama kama kilemba cha jogoo, huitwa mahiole. Havikuwa vya kila mtu. Vilikuwa vya aliʻi, mamwinyi wa visiwani, ambao nasaba yao ilihesabiwa hadi kwa miungu na ambao miili yao ilizungukwa na kapu, yaani miiko ambayo kuivunja kulimgharimu mtu uhai.

Msingi wa joho ni wavu mwembamba wa nyuzi za olonā, mmea wa msituni wenye nyuzi imara kiasi kwamba hata mabaharia wa meli za nyangumi walizitafuta kwa ajili ya kamba zao. Manyoya yalikusanywa katika vishada vidogo, kila kishada kikafungwa kwa uzi kwenye jicho la wavu, safu juu ya safu kuanzia upindo wa chini, ili safu ya juu ifunike vifundo vya ile iliyo chini yake, kama fundi wa makuti anavyoezeka paa. Kwa ndani mtu huona wavu na maelfu ya vifundo, na kwa nje huona kitu kinachofanana na mahameli.

Manyoya mekundu yalitoka kwa ndege aitwaye ʻiʻiwi, ambaye karibu mwili wake wote ni mwekundu. Ya manjano yalikuwa adimu zaidi, kwani ʻōʻō na mamo ni ndege weusi wenye manyoya machache tu ya rangi hiyo, ʻōʻō chini ya mabawa na mamo karibu na mkia. Wategaji walioishi msituni kwa muda mrefu walipaka ulimbo kwenye matawi, wakamnasa ndege na kumnyofoa manyoya waliyoyahitaji. Wataalamu wa Bishop Museum ya Honolulu wanakadiria kwamba joho moja kubwa walilo nalo lina manyoya yapatayo milioni 4, yaliyotokana na ndege wapatao 20,000. Mamo na ʻōʻō wa kisiwa cha Hawaii wote wametoweka duniani, hivyo joho la manjano haliwezi kutengenezwa tena kama lilivyotengenezwa zamani.

Makadirio hayo yanaeleza siasa kuliko sanaa. Kukusanya manyoya milioni 4 kulihitaji mtawala anayeweza kuviagiza vijiji kadhaa vilipe manyoya kama kodi, mwaka baada ya mwaka. Aliyevaa joho alivaa kazi ya watu wake wote, na aliyelitoa kwa mgeni alikuwa ametoa sehemu ya utawala wake, na kwa imani ya wakati ule sehemu ya nguvu takatifu ya mwili wake pia. Zawadi ya namna hiyo haikumaliza shughuli. Ilifungua uhusiano, na aliyeipokea alikuwa amejifunga.

Wa kwanza kufungwa hivyo miongoni mwa Wazungu alikuwa nahodha James Cook. Tarehe 26 Januari 1779, katika ghuba ya Kealakekua, mtawala Kalaniʻōpuʻu alilivua joho lake mwenyewe na kumvika Cook mabegani, akamwekea chapeo kichwani, na majoho mengine kadhaa akayatandika miguuni pake. Siku 19 baadaye Cook aliuawa ufukoni mwa ghuba hiyo hiyo, baada ya kujaribu kumshika Kalaniʻōpuʻu mateka kwa sababu ya mashua iliyoibwa. Masimulizi ya kale ya Ulaya yalishangazwa na mgeuko huo, kana kwamba watu wa Hawaii hawatabiriki. Ukilikumbuka joho, mshangao unapungua: mtu aliyevikwa heshima ya mwenyeji kisha akamkamata mkono mwenyeji huyo ili amburute hadi melini alikuwa amevunja jambo zito zaidi ya wizi wa mashua.

Kisiwa kilichotolewa, au hakikutolewa

Fundo la kwanza gumu ni la mwaka 1794. Nahodha George Vancouver, aliyewahi kusafiri na Cook akiwa kijana, alirudi Hawaii mara tatu kati ya 1792 na 1794. Kamehameha wakati huo alikuwa bado anatawala kisiwa kimoja tu, kile kikubwa kilichovipa visiwa vyote jina, na alikuwa vitani na mahasimu wake. Vancouver alimletea ng'ombe, ambao Kamehameha aliwawekea mwiko wa miaka kumi wasichinjwe, wakazaana hadi wakawa kero ya mashamba na ikabidi waletwe wachungaji wa ng'ombe hodari wa kupanda farasi kutoka upande wa Meksiko ili kuwadhibiti. Mafundi wa Vancouver walisaidia kuunda chombo kilichoitwa Britannia. Naye Kamehameha alimkabidhi nahodha joho la manyoya ampelekee Mfalme George, kwa sharti kwamba mtu mwingine yeyote asilivae.

Mnamo Februari 1794 Kamehameha na wakuu wake walikutana na Vancouver, wakakubaliana jambo ambalo maofisa wa Kiingereza waliliandika kuwa ni kukikabidhi kisiwa cha Hawaii kwa Uingereza. Bendera ilipandishwa, bamba la shaba likaandikwa. London haikuchukua hatua yoyote ya kulithibitisha tendo hilo. Wakuu wa Hawaii, kwa upande wao, walikuwa wameweka wazi kwamba dini yao, serikali yao na mambo yao ya ndani yangebaki mikononi mwao. Walichokuwa wametafuta ni mkubwa wa kuwakinga dhidi ya wageni wengine. Neno moja la Kiingereza, cession, yaani kukabidhi, lilibeba maana mbili, na kwa nusu karne kila upande uliendelea kutumia ile iliyoufaa.

Katika maafikiano hayo Vancouver aliahidi kwamba Mfalme George angemletea Kamehameha merikebu ya vita. Miaka ikapita. Kamehameha aliviteka visiwa vingi mwaka 1795, na mwaka 1810 mtawala wa Kauaʻi, kisiwa cha mwisho, akamkubali kuwa mkuu wake. Ilikuwa katika mwaka huo huo, akiwa sasa mfalme wa visiwa vyote, ndipo alipoandika barua tuliyoanza nayo na kutuma joho la pili, akikumbushia pia ile merikebu. Nadhani hapa ndipo joho la maonyesho linaposomeka vizuri. Kamehameha alikuwa akimwambia mfalme mwenzake kwamba hesabu ya baina yao ilikuwa bado wazi, na kwa adabu akaitanguliza hidaya yake kabla ya kudai. Mwingereza aliyelipokea aliweza kulidhania kodi ya utii ya mtawala mdogo, na Mhawaii alilihesabu kuwa ni upande mmoja wa mizani. Merikebu yenyewe, jahazi la mizinga sita lililopewa jina la Prince Regent, iliundwa Sydney na kufikishwa Honolulu mwaka 1822. Ahadi ni deni, na deni hili lililipwa baada ya miaka 28, Kamehameha akiwa kaburini tangu 1819 na mwanawe Liholiho akiwa ndiye mfalme.

Safari ya 1824

Liholiho, ambaye historia humwita pia Kamehameha wa Pili, aliamua kwenda London mwenyewe. Novemba 1823 aliondoka Honolulu pamoja na mkewe Kamāmalu na msafara mdogo wa wakuu, wakipanda L'Aigle, meli ya wavuvi wa nyangumi iliyoongozwa na nahodha Valentine Starbuck. Kamāmalu, kabla ya kuingia mashuani, aliwaaga watu wake ufukoni kwa utenzi. Walipita Rio de Janeiro, wakapokewa na Pedro wa Kwanza, mfalme mkuu wa Brazili, na mwezi Mei 1824 wakatia nanga Portsmouth bila ya serikali ya Uingereza kuwa imejulishwa rasmi kwamba wanakuja.

Waziri wa Mambo ya Nje, George Canning, alifanya haraka. Wageni waliwekwa katika hoteli nzuri eneo la Adelphi kwa gharama ya serikali, wakapewa ofisa wa kuwaongoza, wakaandaliwa karamu na kupelekwa kwenye majumba ya tamthilia ya Covent Garden na Drury Lane. Magazeti na wachora katuni wa London waliwadhihaki wageni hao kwa rangi zao na kwa miili yao mikubwa, Kamāmalu akiwa mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa mji ule, lakini mchoraji John Hayter aliwachora wakiwa wametulia, kama wafalme wengine wowote waliokaa mbele ya mchoraji. Inasimuliwa kwamba Liholiho alipofikishwa kwenye makaburi ya wafalme ndani ya Westminster Abbey alikataa kuingia, kwa kuwa mifupa ya wafalme si ya kukanyagiwa jirani na mtu asiye wa ukoo. Wenyeji waliliona ni jambo la kuchekesha. Mimi naona ndilo tendo la kidiplomasia la hali ya juu kuliko yote yaliyofanyika katika ziara ile, kwani aliwapa wafalme wa Kiingereza heshima ambayo Waingereza wenyewe hawakuwapa.

Mkutano na Mfalme George wa Nne ulipangwa mwezi Juni. Haukufanyika. Msafara uliugua surua, maradhi ambayo watu wa visiwa vyao hawakuwahi kuyazoea na hivyo hawakuwa na kinga nayo. Kamāmalu alifariki tarehe 8 Julai 1824, Liholiho tarehe 14 ya mwezi huo huo. Miili ikahifadhiwa chini ya kanisa la St Martin-in-the-Fields.

Mwezi Septemba waliobaki, wakiongozwa na Boki, gavana wa kisiwa cha Oʻahu, walipokewa na mfalme katika kasri la Windsor. Kwa masimulizi ya Kekūanaōʻa, mmoja wa wajumbe hao, George aliwaambia kwamba angewakinga na maovu yatokayo nje, lakini yale ya ndani ya ufalme wao yalikuwa juu yao wenyewe. Ndiyo maana ile ile waliyoikusudia wakuu wa Kamehameha mwaka 1794, sasa ikiwa imetamkwa na mfalme wa Uingereza kwa kinywa chake.

Manowari Blonde, chini ya nahodha George Anson Byron, iliwarudisha marehemu na wajumbe, ikafika Honolulu tarehe 6 Mei 1825. Maagizo ya serikali kwa Byron yalikuwa na pande mbili: autambue na kuuheshimu utawala wa wenyeji, na wakati huo huo, endapo dola nyingine ingejaribu kuvidai visiwa, asisitize kwamba Uingereza ina haki ya kutangulia. London, kwa maneno mengine, iliitunza ile maana yake ya 1794 kabatini kwa akiba.

Upo mshipi mmoja wa manyoya, yaani vazi la kujifunga kiunoni, katika Bishop Museum unaoubeba msiba huo kuliko hati yoyote. Ulitengenezwa kwa ajili ya Nāhiʻenaʻena, dada yake Liholiho, auvae siku ya kumlaki kaka yake akirudi kutoka London. Una urefu wa mita kadhaa na karibu wote ni wa manjano. Kaka alirudi ndani ya jeneza. Baadaye ulikatwa katikati na kuungwa upya kwa upana, ukawa wa kufunikia majeneza ya wafalme waliofuata.

Tamko la 1843

Fundo la pili lilifunguliwa kwa mabavu. Mfalme Kamehameha wa Tatu, ndugu mdogo wa Liholiho, alitambua kwamba urafiki wa kifalme hautoshi tena, kwa sababu konseli wa Uingereza pale Honolulu alikuwa akigombana na serikali yake na manowari za Ufaransa zilikuwa zimekwishamlazimisha kusaini masharti. Mwaka 1842 aliwatuma Timoteo Haʻalilio, mkuu wa Kihawaii, na William Richards, mmisionari wa Kimarekani aliyeingia katika utumishi wake, waende Washington, London na Paris kutafuta kitu ambacho joho halikuweza kukipata: tamko la maandishi kwamba Hawaii ni dola huru.

Wakiwa bado safarini, Februari 1843, nahodha wa Kiingereza George Paulet alitia nanga Honolulu na kumshurutisha mfalme aikabidhi nchi. Bendera za Hawaii zikateremshwa. Kwa miezi mitano hali ilikuwa hiyo, hadi Amirali Richard Thomas, mkubwa wa Paulet, alipowasili na kuurudisha utawala tarehe 31 Julai. Uwanja wa Honolulu ambako bendera ilipandishwa upya unaitwa Thomas hadi leo, na siku hiyo bado huadhimishwa na Wahawaii. Ni jambo la kutafakarisha kwamba Mwingereza mmoja alinyang'anya na Mwingereza mwingine akarudisha, kila mmoja akiamini kwamba anatekeleza sera ya nchi yake. Sera yenyewe, tangu Vancouver, iliruhusu yote mawili.

Tarehe 28 Novemba 1843 Uingereza na Ufaransa zilisaini tamko la pamoja London, zikiahidiana kuvitambua visiwa hivyo kuwa nchi huru na kutovitwaa kamwe, si moja kwa moja wala kwa jina la himaya. Haʻalilio, aliyelihangaikia tamko hilo katika miji mikuu mitatu, alifia baharini mwaka uliofuata akirudi kwao.

Msomaji wa pwani yetu huenda akahisi kwamba maneno haya anayajua. Tarehe 10 Machi 1862 dola hizo hizo mbili zilisaini tamko jingine, mara hii zikiahidiana kuheshimu uhuru wa masultani wa Maskati na Zanzibar. Lilidumu miaka 28. Mwaka 1890 Ufaransa iliikubalia Uingereza kuifanya Zanzibar himaya, nayo Uingereza ikaiachia Ufaransa Madagaska, ufalme mwingine wa kisiwa uliokuwa umejaribu mabalozi na mikataba. Matamko ya aina hii yalikuwa ahadi kati ya wakubwa wawili, kila mmoja akimzuia mwenzake. Anayetajwa ndani yake hakuwa na njia ya kuyatekelezesha, na wakubwa wakipatana upya, ahadi ilikwisha. Kwa upande wa Hawaii, Uingereza na Ufaransa zililishika neno lao. Mkono uliokuja kuinyakua ulikuwa wa dola ya tatu, ambayo haikuwa imesaini.

Malkia na mfalme walioizunguka dunia

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa na ziara nyingi, nami nitazipita haraka. Malkia Emma, mjukuu wa baharia Mwingereza John Young aliyekuwa mshauri wa Kamehameha wa Kwanza, alikuwa rafiki wa kuandikiana barua na Malkia Victoria, ambaye pia alikuwa mama wa ubatizo wa mwanawe. Mtoto huyo alifariki mwaka 1862 akiwa na miaka minne, na baba yake akamfuata mwaka mmoja baadaye. Wajane hao wawili walikutana Windsor mwaka 1865. Mfalme Kalākaua alifunga safari Januari 1881, akawa mfalme wa kwanza aliye madarakani kuizunguka dunia. Alipitia Japani, Siam, Johor, India, Misri na Ulaya, akitafuta vibarua wa mashamba ya miwa na vilevile marafiki. Huko Tokyo alimpendekezea Mfalme Meiji muungano wa mataifa ya Asia na Pasifiki pamoja na ndoa kati ya mpwa wake Kaʻiulani na mwanamfalme wa Kijapani. Wajapani walikataa yote mawili kwa adabu kubwa.

Mwaka 1887 Malkia Kapiʻolani, mkewe Kalākaua, na Liliʻuokalani, dada yake Kalākaua, walialikwa kwenye jubilei ya Victoria. Kapiʻolani hakuzungumza Kiingereza, hivyo wifi yake akawa mkalimani. Kapiʻolani aliingia Westminster Abbey, mahali ambapo Liholiho alikuwa amekataa kuyakaribia makaburi ya wafalme, akiwa amevaa gauni la mahameli lililopambwa kwa manyoya ya tausi. Ndege wa joho walikuwa wameadimika, na mitindo ilikuwa ya Ulaya, ila malkia wa Hawaii bado alikwenda mbele ya mfalme mwenzake akiwa na manyoya mwilini. Wakiwa bado ugenini, kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba pale Honolulu, wakisaidiwa na wanamgambo wenye silaha, walimlazimisha Kalākaua kusaini katiba iliyompokonya madaraka mengi.

Kwa nini diplomasia yote hii haikuokoa ufalme? Jibu haliko katika karamu za London. Mwaka 1875 Hawaii ilifunga mkataba na Marekani ulioruhusu sukari yake kuingia huko bila ushuru, na tangu hapo uchumi wa visiwa ulimtegemea mnunuzi mmoja na tabaka moja la wenye mashamba, wengi wao wakiwa wa asili ya Marekani. Upande wa pili ni maradhi. Hesabu ya wamisionari ya mwanzoni mwa miaka ya 1830 ilikaribia watu 130,000. Sensa ya 1890 ilikuta Wahawaii wapatao 40,000 tu, wakiwemo waliochanganya damu. Tarehe 17 Januari 1893, askari kutoka manowari ya Kimarekani Boston wakiwa wameshuka mjini, kundi lile lilimwondoa Malkia Liliʻuokalani. Yeye aliandika kwamba anayaachia madaraka kwa serikali ya Marekani, chini ya pingamizi, mpaka serikali hiyo itakapoyapima mambo na kumrudisha. Ni wazi alikuwa akikumbuka Paulet na Thomas: mkubwa akikosewa na mdogo wake, hurekebisha. Rais Grover Cleveland alikubali kwamba tendo lile lilikuwa la dhuluma, lakini malkia hakurudishwa. Mwaka 1897 Wahawaii zaidi ya 21,000 walitia saini kupinga kutwaliwa kwa nchi yao, na mwaka 1898 ikatwaliwa. Bunge la Marekani lilitoa azimio la kuomba radhi mwaka 1993.

Kilifikaje hapa?

Swali hili sasa huulizwa katika kila jumba la makumbusho la Ulaya, na wengi hutarajia jibu la ndiyo au hapana, yaani kimeibwa au hakikuibwa. Vitu vya Hawaii havikubali jibu hilo. Vipo vilivyotolewa kama joho la 1810, vilivyobadilishwa kwa misumari na visu katika siku za Cook, vilivyonunuliwa, na vilivyochukuliwa katika hali ambayo ruhusa yenyewe inahitaji maelezo. Mwaka 1825 Byron na watu wake, baada ya kuwakabidhi marehemu, walikwenda Hale o Keawe, nyumba iliyohifadhi mifupa ya wakuu wa kale, wakaondoka na sanamu kadhaa za miungu. Walipewa ruhusa. Walioitoa walikuwa viongozi walioacha dini ya zamani, kwani miiko ilivunjwa mwaka 1819 na sanamu nyingi zikachomwa moto. Walinzi wa nyumba ile hawakuwa na sauti.

British Museum ina sanamu kubwa ya mungu Kū, ya mbao, iliyo ndefu kuliko mtu yeyote, iliyoingia humo mwaka 1839. Za ukubwa huo zimebaki tatu tu duniani. Ya pili iko Honolulu na ya tatu iko Salem, Massachusetts, mji ule ule ambao wafanyabiashara wake waliileta merikani Unguja. Zilikutanishwa tena Bishop Museum mwaka 2010, na watu walikuja kwa maelfu, wengine na nyimbo za kale, kabla ya mbili kurudishwa zilikotoka.

Joho na chapeo alivyovikwa Cook vilizunguka zaidi. Vilifika Uingereza na meli zake, vikawekwa katika jumba la maonyesho la mtu binafsi, vikauzwa mnadani mwaka 1819, vikakaa katika familia moja ya matajiri hadi mwaka 1912, vikatolewa hiba kwa makumbusho ya Wellington, New Zealand, ambayo sasa huitwa Te Papa. Huko, Wamaori waliviangalia kwa jicho la ndugu. Mwaka 2016 vilirudi Honolulu kwa mkopo wa muda mrefu, na mwaka 2020 makumbusho ya Te Papa ikaviacha moja kwa moja mikononi mwa Bishop Museum.

La 1810 lina habari tofauti, nami siamini kwamba linastahili kuchanganywa na hayo. Kamehameha alilipeleka kwa mfalme wa Uingereza, kwa jina lake, na maonyesho yanapofungwa ndiko linakorudi. Wahawaii walioshirikiana na British Museum kuyaandaa hawakuhitaji kuelezwa kuwa joho hilo bado liko mahali lilikotumwa, kama barua iliyofika.